Mtani kasema kweli, sisi tukacheka!

Wiki iliyopita tulipiga soga hapa kuhusu kichen pati na michango yake, na salamu zenu zimenifikia. Wengine mmenipongeza, wengine mmenitukana kidogo, poa tu, ndiyo kazi yenyewe. Leo naomba tubadilishe gia. Leo tunaongea habari ya kufa.

We! Subiri kwanza! Usifunue ukurasa ukimbilie kwenye nyota! Hata hizo nyota zinazokuambia Ijumaa utapata mshiko, siku moja zitanyamaza. Kaa hapo hapo, vuta kiti, agiza hata soda. Sikutishi wala sikuombei mabaya. Nataka tu kukusimulia kioja kilichotokea kwetu Temeke, halafu mwenyewe utaona.

Kwanza hebu tuulizane. Hivi sisi hili neno "kufa" lilitufanya nini? Mtu akifa, kanisani na msikitini tunasema katangulia mbele ya haki. Kwenye matangazo ya redio, ametutoka. Wastaarabu wa ofisini, ameaga dunia. Tukirudi kijiweni ndiyo balaa: kavuta, kadedi, kakata kamba, karudisha namba. Maneno lundo, yote ya kuzungukia kineno kimoja cha herufi nne. Tunakizunguka kama kuku anavyozunguka shimo la nyoka.

Na kwenye simu ndiyo kabisa, mtu wa Bongo hafi. Hata siku moja hujapigiwa ukaambiwa "baba yako amekufa." Utaambiwa "hali yake siyo nzuri sana, njoo nyumbani mara moja." Mimi nilipigiwa hivyo mwaka 2013, niko kwenye daladala, tumekwama kwenye foleni pale Tazara. "Baba yako hajisikii vizuri, wewe njoo tu." Nikashuka, nikachukua pikipiki, kichwani napanga tumpeleke hospitali gani. Nakata kona ya mtaa wetu, naona vijana wanafunga turubai.

Sasa jamani, mgonjwa gani anafungiwa turubai?

Mwenye bodaboda akanitazama, akakataa hela yangu. Hapo ndipo nilipojua.

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Dar kijana mdogo akapata kibarua bandarini, akaoa Mluguru, ambaye ndiye mama yangu, akatuzaa wanne, akazeeka hapo hapo Temeke. Miaka 40 na ushee. Tabora alikwenda kwa nadra, mara nyingi kwenye misiba ya huko. Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu Mzaramo, mzee mmoja fundi seremala, na si unajua tena, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Sisi watoto tulimwita "Mzee Mtani" tangu tukiwa vichanga, mimi nilikuwa darasa la tatu nilipojua kwamba ana jina lingine.

Kwa faida ya vijana wa siku hizi mliozaliwa mjini mkadhani utani ni kutaniana tu kwenye grupu: utani wa makabila ni kazi, tena kazi ina majukumu. Wanyamwezi walikuwa wakitoka bara kwa miguu na misafara, mizigo begani, pembe za ndovu na vitu vingine, mpaka pwani. Huko pwani ndiko walikokutana na Wazaramo, na ndimo utani ulimozaliwa. Wahehe na Wangoni wao walianza kwa kupigana vita, kisha wakaishia kutaniana. Wachaga na Wapare mnawajua wenyewe, sina haja ya kusema. Na mahali ambapo mtani anafanya kazi yake kweli kweli ni msibani. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeweza kuingia akajilaza mle ndani akasema hatoki mpaka apewe chake. Ndiye anayeficha mwiko wakati ubwabwa umeiva. Anavaa nguo za marehemu akamwigiza mbele ya wafiwa. Mtu mwingine akifanya hivyo anapigwa mawe, mtani anapewa hela.

Basi bwana. Msiba wa baba ulianza vizuri tu, kama msiba unaweza kuanza vizuri. Daftari la michango likazunguka, viti vya plastiki vikaja, wazee wakaanza karata. Usiku wa pili akafika shangazi kutoka Tabora, dada yake mkubwa baba. Akalia pale mlangoni mpaka mtaa ukasimama. Alipomaliza akajifuta machozi, akakaa kwenye jamvi, akauliza swali moja: "Gari la kumpeleka nyumbani mmeshapata?"

Hapo kasheshe ikaanza.

Nyumbani wapi? Majirani na wenzake wa bandarini walishaanza kuulizia nafasi ya kaburi hapa mjini. Wajomba zetu upande wa mama wakasema mtu huzikwa alipoishi na mkewe. Shangazi akasema kaka yake halazwi kwenye mchanga wa baharini kama dagaa, wakati baba yake na mama yake wana makaburi yao yanajulikana. Wazee wakaingia ndani, wakatoka, wakaingia tena. Mama yuko chumbani, kajitanda kanga mpaka machoni, kazungukwa na wanawake. Mjane haongei. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza.

Wakaniita mimi mtoto mkubwa. "Baba yenu alisemaje?"

Nikasimama pale kama nimeulizwa hesabu za magazijuto. Baba alishasema nini? Baba yangu alishaniambia habari za Simba na Yanga, bei ya saruji, wanawake wa kuogopa, jinsi ya kufunga tai. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia akifa tumzike wapi, na mimi sikuwahi kumwuliza. Ningeanzaje? Mzee anakula zake ugali, mimi nimwambie "Baba, hivi wewe ukifa…" Si angenirushia bakuli la mchuzi!

"Hakusema kitu," nikajibu.

Ikaamuliwa Tabora.

Asubuhi ya kuondoka, gari la maiti limewashwa moto, watu wamejipanga, huyo Mzee Mtani akatokea. Kavaa koti la kaki la baba, lile la bandarini, sijui alilitoa wapi. Anatembea kama baba, bega moja limeshuka. Akakohoa kile kikohozi cha baba, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria ya maharage, akasema kwa sauti ya baba: "Chumvi yote hii mmenunua kwa hela ya nani?"

Watu hoi! Wanawake waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Na mle chumbani nikasikia sauti ya mama anacheka, cheko la kwanza kwa siku mbili. Kisha cheko likageuka kilio, kisha likarudi kuwa cheko. Ukitaka kujua kwa nini wazee waliweka utani msibani, ungekuwepo pale dirishani kwetu.

Haikuishia hapo. Mzee akaenda akalala chali mbele ya tairi la gari. "Haondoki mtu! Huyu Mnyamwezi ni wetu, kala nazi zetu miaka 40, tumbo lote nazi, huko Tabora ardhi itamtapika! Na kama mnamtaka sana, mzimeni gari. Babu zenu walikuja hapa kwa miguu wamebeba pembe begani. Mbebeni na yeye hivyo hivyo! Mkifika Chalinze mtanitafuta!"

Kicheko. Shangazi mwenyewe kajifunika uso kwa kanga, mabega yanacheza.

"Kwanza mwenyewe aliniambia!" mzee anaendelea, bado kalala. "Kaniambia, mtani, nikifa mniweke hapa hapa karibu na mama watoto, kule kwetu sina hata mwembe! Nyie mnampeleka kwa nani?"

Tukacheka tena. Tukacheka ile mbaya. Shangazi akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya shilingi 10,000, akamrushia kifuani. Hiyo ndiyo taratibu, mtani akilipwa anapisha njia. Nakumbuka alivyoinuka. Alijipangusa vumbi magotini taratibu, akaitia ile noti mfukoni bila hata kuitazama, akasogea pembeni. Gari likaondoka.

Zaidi ya kilomita 800, wasomaji wangu. Tulifika Tabora usiku, wengine tumevimba miguu. Kule tulipokelewa vizuri, sina la kulaumu, na baba akalazwa kando ya wazazi wake. Lakini tulirudi na deni la gari, na mdogo wangu wa tatu chuo akakisubiri mwaka mzima. Mama tangu siku ile hadi leo kafika kwenye kaburi la mumewe mara mbili tu.

Siku ya arobaini, watu wameshakula wametawanyika, nikamkuta Mzee Mtani peke yake kwenye benchi chini ya mwarobaini, lile benchi alilokuwa akikaa na baba kila jioni. Nikamwamkia, nikakaa. Kimya. Nikasema ili tu kuvunja ukimya, "Mzee, siku ile ulituvunja mbavu. Eti kule sina hata mwembe."

Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "ile haikuwa utani."

Nikahisi tumbo limeshuka.

Ikawa hivi. Baba kwa watoto wake alikuwa bubu kwa habari hizi. Kwa mkewe bubu, kwa dada yake bubu. Lakini kwa mtani wake alikuwa anamwaga yote, kwa sababu na mtani unaweza. Wazee wale wawili kila jioni walikuwa wanazikana pale kwenye benchi! Huyu anamwambia mwenzie "wewe nitakupigilia jeneza la mbao za maboksi," mwenzie anajibu "wewe nitakuzika na nyundo yako, ukagonge huko." Humo humo ndani ya vicheko, baba akasema alipotaka kulala. Alisema zaidi ya mara moja. Na Mzee Mtani alipokuja kutoa ushahidi, aliutoa kwa njia pekee aliyoruhusiwa pale msibani. Kalala mbele ya tairi, kavaa koti la marehemu. Sasa nani angemwamini?

"Ungesema tu kwa kawaida, mzee," nikamwambia.

"Mimi ni mtani. Nikisema kwa kawaida, nimekuwa mgomvi wa ukoo."

Nimeibeba hiyo miaka yote. Msije mkadhani ni mambo yetu sisi wa uswahilini tusiosoma. Wenzetu wa Kenya wana kesi yao maarufu. Wakili mkubwa wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Yeye Mjaluo, mkewe Wambui Mkikuyu wa ukoo mkubwa wa Waiyaki. Mke akasema mume wangu alitaka kuzikwa shambani kwetu Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, kule Siaya. Wakaenda mahakamani, na hata mchimba makaburi mmoja alipanda kizimbani akasema marehemu alishawahi kumwambia amchimbie kando ya baba yake. Yaani mke ana maneno yake, mchimba kaburi ana yake, na mwenyewe kalala kwenye barafu hawezi kumkosoa yeyote. Ukoo ukashinda hadi Mahakama ya Rufani, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Siku 154! Mkewe hakuhudhuria. Na huyo alikuwa mwanasheria, mtu aliyeishi kwa kuwaandikia wenzake karatasi.

Najua kuna wajanja watasema, dawa ni wosia. Sawa. Andika. Pale RITA wanaandika wosia na kukutunzia, na Waislamu mna utaratibu wenu wa theluthi. Hata wosia wa mdomo, sheria za mila zilizotangazwa hapa nchini mwaka 1963 zinautambua, ukiusema mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Lakini wosia wa kabatini mara nyingi unafunguliwa watu wakiwa wameshatoka makaburini, wameshanawa mikono. Unasomwa, kumbe mwenye nyumba alitaka alale pengine! Mali utagawa upya, mtu hufukuliwi.

Ila hiyo hesabu ya mashahidi wanne ilinikaa kichwani. Wa ukoo na wa nje, wote pamoja, wanasikia maneno yale yale. Baba alisema kwa mmoja. Otieno, tukiwasadiki mashahidi wote, alisema huku hivi na kule vile.

Ndipo mwezi uliopita mwenzenu nikajipiga kifua. Mama sasa mtu mzima, magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake bado wembe. Nikamwita mdogo wangu, nikamwita mjomba, na shangazi alikuwa yuko mjini kwa matibabu ya macho naye akaja. Na nikaenda kumchukua Mzee Mtani, siku hizi anatembelea fimbo. Nikawaambia ni chakula tu cha Jumapili. Pilau ikaliwa. Nikakohoa mara tatu, jasho linanitoka kama naenda kujitambulisha ukweni.

"Mama, samahani, naomba nikuulize jambo. Hivi… ikitokea… yaani Mungu aepushe… siku ambayo…"

"Nikifa?" akauliza mama.

Mjomba kapaliwa na maji.

"Tangu baba yenu aondoke nangoja mniulize," akasema. "Nikadhani mpaka mnione kwenye sanduku ndipo mtaniuliza." Akajiweka sawa kitini, akaanza, kana kwamba anamtuma mtu sokoni. Ile picha yake yenye fremu ya dhahabu tusiiweke kwenye jeneza, alikuwa na malaria siku ile. Tusimpake rangi ya mdomo, hajawahi kupaka. Kanga zake mbili mpya ziko chini ya sanduku, moja avikwe, nyingine apewe dada yake. Mpiga video asisogee karibu. Yule mama wa kwaya mwenye sauti ya kukwaruza, tumshukuru kwa kuja lakini asiimbe peke yake. Kijumbe wa upatu anamdai raundi mbili, na yeye anamdai mama muuza genge sabini elfu, na tusione aibu kuidai.

"Na maharage marufuku," akamaliza. "Watu wale pilau."

"Na wapi, shemeji?" akauliza Mzee Mtani. Tayari keshaanza kuchangamka. "Sema wapi, mbele ya huyu," akamnyooshea shangazi fimbo, "maana ni mwizi wa maiti huyu."

Shangazi akacheka, lakini macho yako chini. Mimi moyoni nimeshajibu: Dar, hapa hapa, nani asiyejua. Nilishapiga na hesabu, nafuu kubwa.

"Tabora," akasema mama.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Tabora. Mlimpeleka mume wangu bila kuniuliza, sikuwalaumu. Sasa na mimi mnipeleke huko huko, pembeni yake. Gari mlilolipata kwa baba yenu mtalipata na kwangu. Atalalaje peke yake kule, na hata mwembe hana?"

Kumbe alisikia. Siku ile, mle chumbani kajifunika kanga, alisikia kila neno, na katika watu wote ni yeye peke yake aliyejua kwamba mtani hatanii.

Shangazi akainuka, akaenda akapiga magoti mbele ya mama, wakashikana mikono. Hawakusemezana kitu. Mzee Mtani akatazama dari muda mrefu, kisha akasema yeye safari hii halali mbele ya tairi, kiuno hakiruhusu, ila atapanda gari la mbele na apewe kiti cha dirishani, na huyo mwembe atautoa yeye kwenye uwanja wake, mche upo. Mama akamwambia wewe utakuwa umeshatangulia zamani, mzee mzima. Wakaanza. Robo saa nzima wanazikana, na sisi tunashika mbavu, na mdogo wangu kachukua daftari anaandika: picha, kanga, kijumbe, sabini elfu, pilau, Tabora.

Mimi nimeshafungua akaunti, naweka kidogo kidogo ya gari. Nimepiga hesabu upya na kichwa kinaniuma, lakini hewala.

Basi vicheko vilipopoa, mama akanigeukia, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya, na wewe je? Wewe tukuweke wapi?"

Wote wakanitazama, hadi mdogo wangu na kalamu yake mkononi. Nikatazama mezani, nikaona jagi la maji limebaki nusu. Nikasema maji yamekwisha, ngoja nikachote.